Mama aliacha kusema siku tuliyomzika baba, na saikolojia yangu yote ikagota Mkunya

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa pwani na wa bara.

Najua kuna wale wa kusoma mistari miwili na kuandika "hii chai", yaani uongo. Nawaambia mapema: chai imo humu ndani, tena imepoa, lakini stori ni ya kweli na mwenye nayo ni mimi. Nimekaa nayo muda mrefu nikiogopa kuiandika vibaya.

Ni ndefu kidogo. Mwenye haraka apite, tutaonana nyuzi nyingine.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Masasi. Chuoni somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa saikolojia. Wenzangu walikariri wafaulu mtihani, mimi nilikuwa naisoma hadi kwenye foleni ya msosi. Shuleni ndiye mimi mwalimu wa ushauri nasaha. Mwanafunzi akigoma kula, akipigana, akilia darasani bila sababu, analetwa kwangu.

Kwa asiyeijua, saikolojia haina jibu moja la kwa nini binadamu anafanya anachofanya. Ina mitazamo, na wenye mitazamo hiyo wanabishana kuliko mashabiki wa mpira.

Kuna wanaosema kila kitu ni ubongo, damu na mishipa. Kuna wanaosema ni mazoea, umefanya kitu ukapata zawadi, utakirudia. Wengine wanasema ni mambo uliyoyazika ndani kabisa ambayo hata mwenyewe huyajui. Wengine ni jinsi unavyowaza. Wengine wanasema binadamu anachotafuta ni kukubaliwa alivyo, basi. Halafu kuna wa mwisho, wanaosema huwezi kumwelewa mtu bila kuielewa jamii iliyomlea.

Huo wa mwisho tulifundishwa wiki ya kuelekea mtihani, watu wameshachoka. Niliusoma juu juu. Kumbukeni hilo.

Sasa nyumbani.

Kwetu ni Mkunya, Newala, huko juu uwandani. Ukitoka Masasi unapanda mpaka masikio yanaziba, na kuanzia mwezi wa sita kuna baridi na ukungu ambao watu wa Dar hawaamini kama upo Mtwara. Baba yangu alikuwa mkulima wa korosho na muhogo, Mmakonde haswa, na alikuwa na koti moja zito jeusi alilolivaa mwaka mzima, jua liwake lisiwake.

Baba na mama walikuwa na mchezo wao. Jioni baba akirudi shambani, akifika mlangoni anakohoa mara mbili. Si ugonjwa, ndiyo hodi yake. Anaingia, anatundika koti kwenye msumari nyuma ya mlango, anakaa kwenye kiti chake, anaonja chai, anasema, "Mama Rashidi, chai imepoa."

Mama hakukosa jibu hata siku moja. Mara "mwambie yule uliyekuwa unapiga naye soga akupashie", mara "kuni umeleta?". Sisi watoto tulikua tukidhani ndoa zote ziko hivyo, watu wawili wanachokozana mpaka usingizi uwachukue. Baadaye nilikuja kuona nyumba za watu zilizo kimya, nikaelewa tulichokuwa nacho.

Baba alianguka shambani wakati wa masika. Walipomfikisha nyumbani alikuwa ameshatutoka. Mungu amrehemu.

Kaka yangu mkubwa, Rashidi, alitoka Dar usiku huo huo. Yeye ni mtu wa mipango na wa adabu sana. Alisimamia kila kitu, na kwa kweli alikisimamia vizuri, isipokuwa jambo moja.

Kule kwetu msiba hauendi bila watani. Kwa sisi Wamakonde, Wamakua ni watani wetu. Mtani akija msibani kazi yake ni kuvuruga. Anazuia jeneza, anadai kuku, anamtukana marehemu, anavaa nguo zake na kumuigiza alivyokuwa anatembea na kusema. Wafiwa wanalia huku wanacheka. Ndivyo tulivyo, na mgeni akiona mara ya kwanza anaweza kudhani tumerogwa.

Mtani wa baba alikuwa Bi Somoe, Mmakua wa hapa Masasi, muuza samaki wakavu. Walikuwa wanatukanana tangu ujana wao. Akipanda Newala na mzigo wake lazima apite nyumbani, amwite baba mchoyo wa mabibo, baba amwite mwizi wa kuku, halafu wanakula pamoja.

Siku ya mazishi Bi Somoe alifika mapema. Jeneza lilipokuwa linataka kutoka, akajilaza mlangoni. Akasema, "Hatoki mchoyo huyu mpaka alipe kuku wangu."

Watu wakaanza kutabasamu. Mama alikuwa ndani na wanawake, nadhani hata yeye aliisikia sauti ile.

Kaka Rashidi akaenda pale, akamshika mkono kwa heshima zote, akamwinua. "Bi Somoe, leo hapana. Mzee alikuwa mtu wa heshima zake."

Yule bibi alijipangusa vumbi. Akajifunga khanga yake vizuri, akaondoka. Hata kula hakula. Wazee waliangalia chini, na sisi wadogo hatukutia neno, maana kaka ndiye mkubwa wetu. Tukazika kwa utulivu mkubwa. Wageni wa kutoka mbali walitusifu.

Siku ya tatu mtu alimuuliza mama sufuria kubwa iko wapi, akaonyesha kwa kidole. Nikadhani amechoka.

Ikapita wiki. Dada yetu Zuhura, ambaye alibaki naye kwenye eda, akanipigia simu. "Kaka Saidi, mama hasemi."

"Hasemi nini?"

"Hasemi kabisa."

Wakuu, nilipanda Mkunya nikakuta ni kweli. Mama anafagia, anamenya muhogo, anaswali, midomo inacheza. Ukimpa shikamoo anatikisa kichwa kwa upole. Ila sauti hakuna. Mama huyu ambaye ukipita barabarani unamsikia akiwa jikoni.

Na alikuwa anakonda.

Hapo ndipo mwalimu wa ushauri nasaha nikajiona kazi imenifuata nyumbani.

Nikaanza na mwili, kama inavyotakiwa. Tukampeleka hospitali ya misheni Ndanda. Koo zima, presha si mbaya, kichwa hakina shida, ulimi unacheza. Mganga aliyemwona, mtu mpole sana, akasema mshtuko wa msiba huwa unafanya hivi kwa baadhi ya watu, tumpe muda na tusimwache peke yake. Watu wa ubongo wakawa wamemaliza zamu yao.

Nikahamia kwa watu wa mazoea. Hawa ni wale wa mbwa na kengele. Ukipiga kengele kila ukimpa mbwa chakula, mwishowe kengele peke yake inamtoa mate. Nikaangalia nyumba, nikaona kila mama akinyamaza watu wanamletea uji, wanamkanda miguu, wanampa pole. Nikasema aha, ukimya unalipwa. Nikamwambia Zuhura tusimpe kitu mpaka akiombe kwa mdomo.

Nikaficha chumvi.

Mama akatafuta, hakuona, akapika mboga bila chumvi. Tukala wote bila chumvi siku mbili, yeye akila taratibu na kunitazama. Nikairudisha mwenyewe.

Wale wa mambo yaliyozikwa ndani wana njia yao, unamlaza mtu akae starehe aseme chochote kinachomjia kichwani. Mtaona wenyewe tatizo liko wapi. Nikamuuliza Zuhura kama mama anaweweseka usingizini, tuanzie kwenye ndoto. Akanijibu kwamba mama halali vya kutosha kuota.

Sikucheka. Nilitoka nje nikalia nyuma ya choo kama mtoto.

Nikajaribu mawazo. Labda anadhani yeye ndiye chanzo, labda asubuhi ile walikosana, labda anajilaumu. Nikakaa naye nikamwambia, mama, si kosa lako, Mungu kapanga. Alinipigapiga mkono kama mimi ndiye niliyefiwa. Na kweli nilikuwa nimefiwa, ila nilikuwa sijapata nafasi ya kulikumbuka hilo.

Baada ya hapo niliacha ufundi. Kila Jumamosi nilipanda, nikakaa naye tu, tunamenya muhogo. Wale wa kukubaliwa alivyo wanasema hivyo ndivyo inavyotakiwa, usimhukumu mtu, usimharakishe. Wakuu, zile ndizo zilikuwa siku nzuri. Nikifika anasogeza kigoda cha pili kabla sijakaa. Lakini sauti haikutoka, na mwili ulizidi kuisha.

Wakati huo kaka Rashidi alikuwa ameshaamua. Eda ikiisha mama anahamia Dar kwake. Nyumba ifungwe, mikorosho apewe mtu aiangalie. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anaogopa mama atatufia mikononi huku kijijini. Ila nilijua mama akitolewa Mkunya ndiyo basi, hatarudi tena, wala kwa miguu wala kwa akili. Ukimuuliza mwenyewe unataka kwenda au kubaki, anatazama mlango. Mtu asiyesema, wenzake ndio wanamsemea.

Mwezi wa saba, msimu wa kupulizia mikorosho dawa ya salfa, nikakutana na Bi Somoe sokoni Masasi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mtoto wa mchoyo." Hakucheka. Aliendelea kupanga samaki wake. "Nyie watu mmemzika baba yenu kama mtu asiye na watani."

 Nikamweleza hali ya mama. Alisikiliza, akapangusa mikono.

"Mimi hayo ya kwenu siyajui. Mimi nina haki yangu pale, na Jumamosi nakuja kuichukua."

Hakuniomba ruhusa. Nami sikumkataza. Kusema kweli sikuwa na wazo lolote kwamba litatokea jambo, nilifikiri tutampa kuku wake aende.

Jumamosi hiyo kaka Rashidi alikuwepo, amekuja kupanga mambo ya safari. Tulikuwa sebuleni sisi wanne, yeye, mimi, Zuhura na mama. Nje ukungu ulikuwa bado haujainuka. Zuhura alikuwa ameweka chai. Kiti cha baba kilikuwa kitupu, tangu afe hakuna aliyekikalia, na koti lake, na kofia juu yake, bado lilikuwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Hakuna aliyekuwa na ubavu wa kuligusa.

Bi Somoe akaingia bila hodi. Hakumsalimia mtu. Akasogeza mlango, akachukua lile koti na kofia, akatoka navyo nje.

Kaka akanitazama. Mimi nikatazama kikombe.

Halafu mlangoni tukasikia kikohozi. Mara mbili.

Wakuu, nywele zilinisimama. Akaingia akiburuta mguu mmoja kwa mwendo ule ule wa baba, mkono mmoja kiunoni, koti limemfika magotini. Akatukana kuku wa jirani. Akaguna. Akaenda moja kwa moja kwenye kile kiti, akakaa.

Kaka Rashidi akainuka. "Bi Somoe, tafadhali."

"Kaa chini wewe," akasema, na sauti ilikuwa nzito, ya kukwaruza, ya baba kabisa. "Nilikusomesha ili uje unisimamie nyumbani kwangu?"

Na kaka yangu, mtu mzima mwenye wajukuu, akakaa.

Bi Somoe akachukua kikombe. Akaonja. Akakirudisha mezani polepole.

"Mama Rashidi, chai imepoa."

Nilikuwa namtazama mama. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Midomo ikafunguka, ikafunga.

"Imepoa kwa sababu umechelewa," mama akasema. "Tangu umetoka mimi nakusubiri."

Sauti ilikuwa inakwaruza kwa kukaa bure. Lakini ilikuwa yake.

 Bi Somoe mwenyewe alisahau kuigiza, alibaki ameshika kikombe, mdomo wazi. Halafu mama akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Somoe, mguu haukuwa huo, ulikuwa wa kulia." Akawa bado anacheka kilio kikamjia humo humo ndani ya kicheko, kile kilio ambacho hatukukisikia siku ya mazishi. Zuhura akamkumbatia. Kaka Rashidi alifunika uso kwa mikono na mabega yakawa yanatikisika.

Mimi nilikaa pale nimepigwa na butwaa. Ninavyoandika hapa bado nimepigwa nalo.

Maana kichwani mwangu ile mitazamo yote ilisimama kwa wakati mmoja, kila mmoja unanyoosha mkono kama wanafunzi. Wa mazoea wanasema umeona, kikohozi ndiyo kengele, miaka yote ile akikisikia anajibu, sasa kimelia amejibu. (Mama akisoma hapa nimemfananisha na mbwa nimekwisha.) Wa yaliyozikwa wanasema utani ndiyo mlango wa nyuma wa moyo, mbele palifungwa. Wa mawazo wanasema hakuwahi kuamini kwamba mume ameondoka, alikuwa anamsubiri, amesema mwenyewe. Hata wa ubongo walikuwa na lao, na wale wa jamii, niliowasoma juu juu, wakanikumbusha siku tuliyomwinua mtani mlangoni.

Wote walikuwa wanasema kweli. Na wote kwa pamoja hawakufika hata nusu ya kile nilichokiona. Niliogopa, wakuu, ile hofu ya kuingia msikitini peke yako. Nilimtazama mama yangu nikaona kwamba ndani ya mtu mmoja mfupi wa Mkunya mna mahali pakubwa kiasi kile, na nimelelewa pembeni yake bila kujua.

Baadaye nilimuuliza Bi Somoe kama alijua kwamba mama atasema. Alinishangaa.

"Ningejuaje? Mimi nilifuata kuku."

Alipewa kuku. Akadai na kofia, akapewa. Koti mama alikataa, akalirudisha kwenye msumari kwa mkono wake. Walikula wote ugali wa muhogo, wakatukanana mpaka ukungu ukainuka na jua likatoka. Kaka Rashidi alimwomba radhi, na yule bibi akamjibu kwamba ameshamsamehe ila ni mchoyo kama baba yake.

Jioni nikiwa namenya naye muhogo, nikamuuliza mama mwenyewe. Alikuwa na nini muda wote ule?

Akachukua muhogo mwingine.

"Nilikuwa mzima. Kila anayeingia ananipa pole. Pole unaijibu nini? Ahsante. Basi, imeisha." Akatupa ganda. "Mwanangu, mimi maneno yangu yote yalikuwa ya kumjibu baba yako. Nikiamka natafuta neno, naona halina pa kwenda."

Kisu kilinisimama mkononi. Nimesoma vitabu vingi, sijakutana na maelezo ya ukimya kama hayo.

Kuhusu Dar, kaka alimuuliza tena kesho yake. Mama akasema, "Siendi. Na hao watu wa salfa wameruka mikorosho mitatu ya upande wa bondeni, hamkuwaona?" Alikuwa ameiona yote, ila siku zote hizo hakuwa na wa kumwambia.

Nilichojifunza? Saikolojia siitupi, bado naitumia na naipenda zaidi. Lakini mwanafunzi akiletwa kwangu siku hizi siulizi kwanza ana tatizo gani. Namuuliza, nyumbani huwa unaongea na nani, na huwa mnachokozana nini. Mtashangaa mambo yanayotoka hapo.

Na kwa wenye misiba, msiwafukuze watani.

Namalizia na jambo la Jumamosi iliyopita. Nilipanda nyumbani kama kawaida, baridi kali, nimechoka na safari. Nilipofika mlangoni nikakohoa. Mara mbili. Sikupanga, sina mafua, na sikuwahi kufanya hivyo maishani mwangu. Nikasimama pale nje nikijisikiliza.

 Halafu nikaisikia sauti ya mama kutoka jikoni.

"Ingia, Saidi. Hii ya leo bado ya moto."

Wataalamu mliomo humu, wa ubongo, wa mazoea, wa yaliyozikwa, nyote, njooni mniambie kile kikohozi nilikitoa wapi. Na kama kwenu kuna mtu aliyenyamaza, andika hapa chini alikuwa anajibizana na nani. Nitasoma moja baada ya jingine.